Siku kumi Grenada na bi mkubwa: shelisheli, kungumanga na mkia wa nguruwe

Safari hii ilianzia kwenye chupa ya kungumanga dukani Coventry, Uingereza. Mama aliigeuza huku na huku, akaniuliza pameandikwa imetoka wapi. Nikamwambia Grenada, kisiwa huko Karibiani. "Kikubwa kama Pemba?" Nikaangalia simuni: kilomita za mraba 344, tena pamoja na visiwa vyake vidogo. Pemba inakimeza mara mbili na nusu na bado ikabaki na njaa. "Basi twende tukakione kabla hakijazama," akasema, akaitia chupa kwenye kapu.

Nilidhani ni maskhara. Miezi minne baadaye nilikuwa natafuta tiketi. Mama ana miaka 71, kazaliwa Mtambwe, Pemba, kakulia chini ya mikarafuu, na Kiingereza chake ni "thank you" na "no pork". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotufikisha kila mahali. Nimeyapanga haya kutokana na maandishi ya simu, risiti zilizonuka mdalasini, na picha mia nne ambazo nusu yake ni kidole gumba cha bi mkubwa.

Siku ya 1. Alhamisi, 6 Februari 2025

Tuliondoka Gatwick asubuhi, tukatua St Lucia kwanza, abiria wengi wakashuka, waliobaki tukasogezwa mpaka Grenada. Sote wawili tuna pasi za Uingereza, kwa hiyo viza haikutusumbua. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya aulize ubalozi wao kabla hajalipa tiketi, na asisahau viza ya kupita njiani, maana ndege nyingi za kufika huko hupitia Marekani, Kanada au Uingereza.

Uwanja wa ndege unaitwa Maurice Bishop. Mama akataka kujua ni nani. Nikamweleza: aliongoza mapinduzi mwaka 1979, akawa waziri mkuu, akauawa na wenzake mwenyewe Oktoba 1983, na siku sita baadaye majeshi ya Marekani yakashuka kisiwani. "Mapinduzi," akasema, kwa sauti ile ya watu wa umri wake kwetu, kisha akanyamaza mpaka tulipofika kwenye mkanda wa mizigo.

Begi langu lilitoka. Lake halikutoka. Mkanda ukazunguka mtupu mpaka ukazimwa. Kijana wa kampuni ya ndege, ambayo siitaji, akatupa karatasi na kusema labda kesho, labda keshokutwa. Ndani ya begi lile mna kanga sita, dawa ya presha na msala. Dawa, alhamdulillahi, nyingine zilikuwa mkobani. Funzo nililolilipia: dawa, nguo moja ya kubadili na chaja usiviachie begi la chini hata kama unasafiri na ndege ya dhahabu.

Teksi mpaka Grand Anse dola 20 za Marekani, bei ya kupanga, haina mjadala. Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa hoteli ndogo ya vyumba vinane juu ya kilima, dakika kumi kwa miguu mpaka pwani. Dola 80 kwa usiku, vitanda viwili, jiko dogo, friji. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alimtazama bi mkubwa amesimama bila begi, akaingia kwake, akarudi na gauni refu la pamba, taulo, na mswaki mpya kwenye karatasi yake. Baada ya nusu saa akarudi tena na bakuli mbili za supu ya kijani. Mama alionja mara moja tu.

"Majani ya majimbi. Na tui."

Huko wanaiita callaloo. Tuliimaliza tukiwa tumekaa ukingoni mwa kitanda, yeye kavaa gauni la mtu asiyemjua.

Siku ya 2. Ijumaa, 7 Februari

Hatukupanga, lakini tulifika mkesha wa siku ya uhuru wao. Wamejitawala tangu 7 Februari 1974. Kisiwa kizima kimepakwa rangi nyekundu, njano na kijani: mawe ya kando ya njia, matairi ya zamani, nguzo za umeme, hata mbuzi mmoja nilimwona na utepe. Na bendera yao, ukiitazama vizuri, ina kungumanga ubavuni. Mama alifurahi kuliko siku zote. "Sisi karafuu hatukuitia hata kwenye stempu?" Nikamwambia stempu zipo. Akasema stempu si bendera.

Siku hii kila mtaa unapika chakula chao cha taifa, oil down. Nyuma ya hoteli majirani walikuwa wameshainjika sufuria kubwa juu ya mawe matatu, redio inarusha gwaride, watoto wanakimbizana. Mwenye nyumba akatuita. Nitaeleza upishi wake kwa sababu ndio uliotupa safari nzima: unapanga shelisheli lililokatwa vipande, ndizi mbichi, karoti, juu yake majani ya majimbi, na unga wa ngano uliosokotwa kama vidole; unamimina tui lililotiwa manjano, unafunika, unaliacha mpaka tui lote linywewe na chini yabaki mafuta ya nazi tu. Ndiyo maana ya jina lenyewe. Kwetu ni shelisheli la nazi, tena la kushiba zaidi.

Tatizo liko chini ya sufuria. Kule chini kabisa, kabla ya shelisheli, hulazwa nyama ya chumvi, na nyama yenyewe mara nyingi ni mkia wa nguruwe. Mama alikuwa ameshashika sahani. Nikamnong'oneza. Akairudisha sahani mezani taratibu, kama mtu aliyeiona nyoka, na kutoa Kiingereza chake chote: "No pork. Thank you."

Hapakuwa na kununa. Mwanamke mmoja alicheka, akaelekeza kidole uani kwa jirani, ambako mzee wa Kirasta mwenye ndevu nyeupe alikuwa na sufuria yake ndogo peke yake. Chakula chao huitwa ital: hakina nyama ya aina yoyote. Mzee akatukaribisha kwa mikono miwili. Mama akamuuliza, kupitia kwangu, kama nazi kakuna mwenyewe. Akatuonyesha kikunio cha bati. Mama akatikisa kichwa, akakaa kwenye kigogo, akatanua magoti, akaanza kukuna hewa ili aonyeshe mbuzi ya kwetu ilivyo, kiti na meno yake. Ua zima lilicheka, na mzee akasema atajichongea moja.

Chakula kilikuwa kizuri isipokuwa hakina chumvi. Wengi wa Marasta hawaitii. Bi mkubwa alivumilia vijiko vitatu. Cha nne nikamwona mkono unaingia mkobani, kwenye kile kikaratasi cha chumvi cha kwenye ndege.

Siku ya 3. Jumamosi, 8 Februari

Kutoka Grand Anse kwenda mjini St George's ni basi namba 1. Ni Hiace zile zile tunazozijua: konda mlangoni, muziki mpaka kifuani, watu wanne kwenye kiti cha watatu. Tofauti ni mbili. Kwanza, anayeingia husalimia gari zima, na gari zima huitikia; asiyesalimia ndiye anayetazamwa. Ikishaingia jioni salamu yenyewe ni "good night", ambayo kwao haina maana ya kuagana. Siku ya kwanza niliambiwa hivyo dukani nikadhani nafukuzwa. Pili, hupigi kelele "shusha". Unagonga bati la gari kwa kifundo cha kidole, dereva anasimama. Mama alilipenda hilo kupita kiasi akawa anawagongea hata abiria wengine. Nauli tulilipa dola 3 za huko kila mmoja.

Kuhusu hela: wanatumia dola ya Karibiani Mashariki, wenyewe wanasema EC, na imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa 2.70 tangu mwaka 1976. Dola za Marekani hupokelewa karibu kila pahala lakini chenji hurudi kwa EC, na kila muuzaji ana hesabu yake ya kuzungusha. Uliza daima: "dola ipi?" Bei ya 40 inaweza kuwa chakula cha mchana au karamu. Na kwenye mikahawa ya watalii, juu ya bei ya menyu huongezwa kodi ya asilimia 15 na huduma asilimia 10. Sahani iliyoandikwa 60 inakuja 75, nawe umeshakula.

Jumamosi ndiyo siku ya soko. Meza za viungo zimepangwa chini ya miavuli: mdalasini wa magome marefu, tangawizi, majani ya bay, basbasi nyekundu (utando unaovaa kungumanga), shanga za kungumanga za kuvaa shingoni. Mama aliingia humo kama mkaguzi. Hakuhitaji lugha, anachukua, ananusa, anavunja kipande, anamtazama muuzaji usoni. Mmoja alimwonyesha unga wa njano akasema saffron. Mama akaulamba. "Manjano haya, muongo huyu." Si uongo, ndivyo wanavyoyaita huko kisiwa kizima, lakini anayetafuta zafarani ya pilau asije akajaza begi.

Kilichomkasirisha kweli ni karafuu. Kifuko kisichojaa kiganja, dola 5 za EC. Akazimwaga mkononi, akazihesabu, akapata na makonyo matatu ndani. Nilimzuia asimrudishie mama wa watu.

Pale pale sokoni tukakuta chupa za kinywaji cheupe kizito. Ni mwani uliochemshwa, ukatiwa maziwa, sukari na kungumanga. Nilimweleza muuzaji kwamba kwetu wanawake wa pwani wanalima mwani kwa vigingi na kamba, wanaukausha, na karibu wote unapakiwa kwenda nje. "Nyinyi hamuunywi?" Hatuunywi. Alinitazama kwa huruma, akatujazia kikombe cha pili bure.

Mchana tulikula roti ya dengu na mbatata iliyokunjwa kama bahasha, dola 14. Wahindi wa mikataba waliletwa kisiwani kuanzia 1857, na roti ndiyo mirathi yao ambayo hakuna Mgrenada asiyeila. Begi la mama lilifika jioni, kufuli limekatwa, kanga zote sita zipo.

Siku ya 4. Jumapili, 9 Februari

Jumapili kisiwa kinalala. Mabasi ni ya kubahatisha, maduka yamefungwa, mikahawa ya wenyeji imefungwa, iliyo wazi ni ya mahoteli makubwa kwa bei za mahoteli makubwa. Tulitembea pwani ya Grand Anse, kilomita tatu hivi za mchanga, tukarudi tukapika wali na samaki wa kopo. Chukua chumba chenye jiko. Hata la moto mmoja litakulipia tofauti ya bei ndani ya siku mbili. Na jaza friji Jumamosi.

Siku ya 5. Jumatatu, 10 Februari

Tukahamia Gouyave, mji wa wavuvi upande wa magharibi. Basi namba 5 kutoka kituo cha mjini, dola 6 kila mmoja, na begi la bi mkubwa likalipiwa kiti chake kama mtu mzima. Barabara inajibana baina ya mlima na bahari, kona juu ya kona, upande wa kushoto kama kwetu. Tulipita juu ya ghuba ya Molinere, ambako tangu 2006 kuna masanamu yaliyozamishwa chini ya maji kwa wapiga mbizi. Mama akasema kama wanataka kuyaona wasingeyazamisha.

Nyumba ya pili: ghorofa ya juu kwa familia moja, vyumba vitatu vya wageni, dola 60 za Marekani, choo ndani, feni, hakuna kiyoyozi, veranda inayoitazama bahari na tangi jeusi la maji juu ya paa. Maji ya mferejini yalikatika mara mbili, na Februari ni kiangazi kwao, lakini tangi lilituokoa. Plagi ni za pini tatu za mraba na umeme ni volti 230, yaani chaja ya Dar, Zanzibar au Uingereza inaingia bila kuomba adapta. Kwa Karibiani hilo si jambo la kawaida.

Mchana tukaenda kituo cha kungumanga, hatua chache tu. Ni jengo la mbao la ghorofa, la zamani, na harufu inakupokea barabarani. Wakulima huleta kungumanga zao kwa chama cha ushirika kilichoundwa 1947, kama sisi tunavyopeleka karafuu ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na manung'uniko ya bei ni yale yale. Nilimsikia mzee mmoja mlangoni, nikamtafsiria mama, akaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza. Ndani, kungumanga zimetandazwa kwenye trei ndefu za mbao zikikauka na maganda yake kwa wiki kadhaa. Zikishabanguliwa hutumbukizwa majini: nzito inazama, nyepesi inaelea, na hapo daraja limeshajulikana. Juu, wanawake wamekaa kwa safu wakichambua kwa mkono. Basbasi hutengwa, husubirishwa miezi. Maganda matupu hayatupwi. Yanamwagwa kwenye njia za bustani, ukipita yanalia chini ya kiatu.

Mama aliomba kukaa. Wakampa kigoda. Akachambua nao robo saa nzima, kimya, vidole vinakwenda kama havijapumzika tangu ujana. Mmoja akaniuliza kwetu kungumanga tunafanyia nini. Nikataja pilau, chai, mchuzi. Akamwuliza mama kwa macho kama ni hayo tu. Mama akajifunika uso kwa mtandio na kucheka, wale wanawake nao wakaangua kicheko, na hapo mtafsiri sikuhitajika. Waliosikia habari za uji wa bibi harusi wanajua.

Aliyetutembeza alisimulia kuhusu Ivan. Kabla ya kimbunga hicho Grenada ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Tarehe 7 Septemba 2004 upepo ukang'oa sehemu kubwa ya miti yote. Na mkungumanga si mhogo: unangoja miaka saba hivi kuona tunda la kwanza, zaidi ya hapo kufikia uzao wake, na kabla haujatoa ua hujui umepanda dume au jike. Vijana wengi hawakungoja. Mama alisikiliza, kisha akaniambia nimwambie kwamba Unguja nayo ilipigwa, zamani, mikarafuu ikalala, Pemba ikapona, na ndivyo Pemba ilivyokuwa ya karafuu. Ilikuwa Aprili 1872. Alihadithiwa na bibi yake, aliyehadithiwa na wake. Yule bwana akauliza: "Na miti ya Unguja, iliinuka?" Mama: "Iliinuka nusu."

Siku ya 6. Jumanne, 11 Februari

Goti la bi mkubwa liligoma. Tulikaa verandani. Asubuhi tuliletewa bakes na ng'onda: bakes ni andazi lisilo na sukari wala iliki, la kukaangwa, linapasuliwa katikati na kujazwa samaki wa chumvi aliyekaangwa na kitunguu na tungule. Na cocoa tea, ambayo si chai, ni kakao ya kusagwa iliyochemshwa na mdalasini, kungumanga na jani la bay, juu inaelea mafuta yake. Dola 15 kwa wawili. Mama alikunywa vikombe vitatu, na usiku hakulala, wala mimi sikulala.

Binti aliyetuhudumia ni mtu wa Carriacou, kile kisiwa chao cha kaskazini ambacho kimbunga Beryl kilikipiga moja kwa moja tarehe 1 Julai 2024. Nyumba yao ilibaki kuta. Alitueleza hayo huku anakunja taulo, akahesabu mpaka jina la kuku mmoja aliyeokoka.

Siku ya 7. Jumatano, 12 Februari

Ndugu wa mwenye nyumba akatuzungusha kaskazini kwa gari lake, dola 350 za EC kwa siku. Kwa mtu mmoja ni ghali. Watatu wakigawana ni sawa, maana mabasi ya kule hayakupeleki mpaka mashambani. Njiani mapaa mengine yalikuwa bado na maturubai.

Sauteurs kuna jabali juu ya bahari ambako mwaka 1651 Wakalinago, wenyeji wa asili, walijirusha kuliko kutekwa na Wafaransa. Jina la mji lenyewe ni Kifaransa, maana yake warukaji. Mama alisoma fatiha, tukaondoka.

Kiwanda cha ramu cha River Antoine kinazungusha gurudumu lake la maji tangu 1785, na bado miwa inasagwa kwa gurudumu hilo hilo. Tulitazama gurudumu, tukarudi garini. Nasikia kuna wanaotoka humo hawaoni gurudumu.

Mahali pa kukaa saa mbili ni Belmont Estate, shamba la kakao. Kakao inaanikwa kwenye trei kubwa zinazosukumwa kwenye reli, mvua ikija zinaingizwa chini ya paa. Kuzigeuza, mtu anapita kati yake peku, anaburura miguu, anaacha mifereji. Mama alishavua viatu kabla sijaomba ruhusa. Akapita trei nzima, goti na yote. "Karafuu tunageuza jamvini kwa mikono," akasema, "hawa wamekuwa wajanja, mgongo hauumi."

Ilipofika adhuhuri dereva mwenyewe ndiye aliyeuliza kama mama angependa kusali, alimwona asubuhi pale nyumbani. Akasimamisha chini ya mwembe, akatoa taulo safi kwenye buti, akalitandika, akaenda kusimama mbali. Kibla kilikuwa kimempa mama kazi tangu tulipofika. Pemba ni kaskazini, Coventry ni kusini-mashariki, Grenada unaelekea mashariki kwa kaskazini kidogo. "Umri huu nimeshaizunguka Makka pande zote," alisema, "imebaki kuifika."

Siku ya 8. Alhamisi, 13 Februari

Mvua, kufua, kulala.

Siku ya 9. Ijumaa, 14 Februari

Kila Ijumaa jioni Gouyave hufunga vichochoro vyake viwili na kupanga majiko: jodari wa kuchoma kwenye karatasi ya fedha, kamba, katlesi za samaki, kome mkubwa wanayemwita lambi, shelisheli la kuchomwa motoni mpaka ganda likawa jeusi. Sahani dola 20 hadi 35 za EC. Fika kabla ya saa moja na nusu usiku. Baadaye unasukumana, na vizuri vimekwisha. Na lala Gouyave siku hiyo, kwa sababu mabasi ya kurudi mjini usiku ni machache na teksi inajua hivyo.

Ukutani kuna picha ya Kirani James. Ni mtoto wa mji huu, na dhahabu yake ya mita 400 London mwaka 2012 ndiyo ya kwanza kwa Grenada katika Olimpiki. Nilimwambia muuza kamba kwamba usiku ule nilikuwa London, nyumbani, natazama kwenye televisheni. Hilo tu, kama vile mimi ndiye niliyemkimbiza. Akaniongezea kamba wawili.

Bi mkubwa alikuwa na swali lake la siku zote, safari hii la mafuta: je, ndani ya karai hili hajakaangwa nguruwe? Nilimwuliza mama mmoja wa katlesi, mtu mnene, kajifunga kitambaa cha bendera. Hakujibu. Akainama chini ya meza, akatoa kikaango kipya, akafungua chupa mpya ya mafuta mbele ya macho ya mama, akakaanga katlesi sita peke yake, foleni ikingoja nyuma yetu. Watu hawakunung'unika, mmoja nyuma yangu alisema tu, "Mpe granny wetu ale." Katlesi zile ziligharimu dola 12. Nilitoa 20, akanirudishia 8 mkononi, akazifunga vidole vyangu juu yake.

Siku ya 10. Jumamosi, 15 Februari

Gari mpaka uwanja wa ndege ni saa moja na zaidi. Ondoka mapema, kona zile hazina haraka. Mama alitaka kuchukua mche wa mkungumanga ndani ya kopo. Nilimweleza kuhusu mimea na mipaka. Alikubali kwa mdomo. Kwenye mashine ya ukaguzi begi la mkono likasimamishwa, likafunguliwa: kungumanga kavu kilo mbili, basbasi, vijiti vya mdalasini, gauni la pamba ambalo mwenye nyumba wa kwanza alikataa kurudishiwa. Mche haukuwemo. Baadaye alikiri kwamba alimwachia yule binti wa Carriacou aupande kwao.

Hesabu kwa wawili, siku kumi: malazi dola 620 za Marekani, chakula 390 hivi, usafiri 230, viungo sitaji.

Jumapili tulifika Coventry saa tano asubuhi. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshampigia simu dada yake Mtambwe, sauti ya juu kama kawaida ya simu za mbali, na kutoka jikoni nikamsikia anamalizia ripoti:

"Wanalo shelisheli, wanalo tui, wanayo manjano, na watu wazuri, wallahi. Lakini chini ya sufuria, dada, chini! Wewe hebu keti nikwambie wanaweka nini."